Pesa za Minnesota kwa mashamba, maonyesho, mataifa ya wenyeji na maveterani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwezi Mei, Bunge la Jimbo la Minnesota linapokaribia kufunga kikao, makundi ya WhatsApp ya ndugu zetu Waafrika Mashariki wa huku Minnesota huanza kuzungusha ujumbe wa aina moja: serikali inagawa pesa za mashamba, wahini kabla hazijaisha. Ujumbe huo huwa na ukweli ndani yake, ila umekatwa kichwa na miguu. Majibu yaliyo hapa chini ni kwa mtu wa miji ya huku kama Brooklyn Park, Rochester au St. Cloud anayetaka kujua lipi linamhusu, na pia kwa yule wa Eldoret au Mwanza anayependa kuelewa jimbo la Marekani linavyopanga fedha zake. Ushauri wangu ni mmoja na utauona ukijirudia: kabla ya kuuliza ni kiasi gani, uliza zinatoka mfuko upi. Mfuko ndio unaoamua kama mwakani pesa hizo zitakuwepo.

Je, kuna sheria moja inayogharamia mambo haya yote manne?

Hapana. Minnesota hupanga bajeti ya miaka miwili miwili. Hupitishwa katika mwaka usiogawanyika kwa mbili, kama 2023 au 2025, na huanza kutumika tarehe 1 Julai. Bajeti hiyo haiji kama kitabu kimoja. Hukatwa katika miswada mikubwa kadhaa: wa elimu, wa afya, wa kilimo, wa maveterani (yaani waliowahi kutumikia jeshi) na jeshi la akiba, wa mazingira na kadhalika. Shule na huduma za afya na jamii humeza sehemu kubwa zaidi. Kilimo, pamoja na sifa zote ambazo jimbo hili linajipigia kwa mahindi, soya, nguruwe na bata mzinga, hupata chini ya asilimia 1 ya hazina kuu. Kwa hiyo ukisikia mbunge akisema "tumewekeza kwa mkulima", mpongeze, kisha muulize tarakimu.

Mbona wakulima na maveterani huwekwa kwenye kapu moja?

Kwa sababu ya kamati. Tangu 2023 Seneti ya jimbo ina kamati moja inayoshika kilimo, maveterani, intaneti ya kasi na maendeleo ya vijijini. Mtu wa nje huona mchanganyiko huo ni wa ajabu, lakini ukiangalia ramani unaeleweka. Maveterani wengi wanaishi mbali na miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, na vijiji vinavyopigania soko la maziwa ndivyo hivyo hivyo vinavyopigania kitanda cha mzee aliyepigana Vietnam.

Ila kamati ni jambo moja na sheria ni jingine. Katiba ya Minnesota inasema sheria isibebe zaidi ya jambo moja. Kwa miaka mingi wabunge wameichukulia kanuni hiyo kwa ulegevu, na mwaka 2024 usiku wa mwisho wa kikao walipitisha muswada wa kurasa zaidi ya 1,400 uliobeba kodi, uchukuzi, afya, bunduki na mengine. Hakuna aliyeusoma wote usiku ule, na sidhani kama yupo aliyejidai kuwa ameusoma.

Mifuko yenyewe ni ipi?

Kuna minne ya kujua.

Wa kwanza ni hazina kuu. Hii hujazwa na kodi ya mapato ya jimbo na kodi ya mauzo. Msomaji wa Kenya aelewe kwamba jimbo la Marekani si kaunti inayongojea mgawo kutoka Nairobi: lina kodi yake ya mapato, na linakusanya lenyewe. Bajeti ya miaka miwili iliyopitishwa 2025 ilikuwa takriban dola bilioni 66 kutoka hazina hii. Kinachotoka hapa hupiganiwa upya kila baada ya miaka miwili, na uchumi ukiyumba ndicho kinachokatwa kwanza.

Wa pili ni hati fungani. Jimbo linakopa kwa kuuza hati fungani ili kujenga vitu vya kudumu: vyuo, madaraja, mitambo ya maji, nyumba za maveterani. Huwezi kumlipia mtu mshahara kwa pesa hizi. Muswada wa aina hii unahitaji asilimia 60 ya kura katika kila bunge, Seneti yenye viti 67 na Baraza la Wawakilishi lenye viti 134, kwa hiyo chama kimoja hakiwezi kujiendea peke yake. Ndiyo sababu huanguka mara nyingi. 2024 ulishindikana kabisa, na 2025 ukapita wa dola milioni 700.

Wa tatu ndio ninaoupenda, na wenzetu wengi hawaujui. Mwezi Novemba 2008, wakati dunia nzima inaogopa kufilisika, wapiga kura wa Minnesota walikubali kubadilisha katiba yao ili kujiongezea kodi ya mauzo kwa sehemu tatu za nane ya asilimia moja, hadi mwaka 2034. Pesa hizo zinagawanywa kwa kanuni iliyoandikwa ndani ya katiba yenyewe: asilimia 33 maji safi, 33 makazi ya wanyama na ndege, 14.25 hifadhi na njia za matembezi, 19.75 sanaa na urithi wa utamaduni. Hilo fungu la mwisho ndilo linalounganisha maonyesho ya kaunti na lugha za Wadakota na Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hili, na nitalirudia.

Wa nne ni Washington. Kwa kilimo na maveterani, fedha za serikali kuu ya Marekani ni nyingi kuliko za jimbo. Mara nyingi jimbo hutoa sehemu yake ili lipate haki ya kuchukua sehemu ya Washington.

Bunge lisipoelewana itakuwaje?

Ofisi hufungwa. Ilitokea 2005 na tena 2011, ambapo Minnesota ilifunga kwa siku 20: hifadhi za jimbo zikawekwa makufuli, leseni za uvuvi hazikuuzwa katikati ya kiangazi. Mahakama iliagiza huduma za lazima, kama kuwatunza watu walio katika vituo vya jimbo, ziendelee. Mwaka 2025 Baraza la Wawakilishi lilikuwa na viti 67 kwa 67, hakuna mkubwa, na bajeti ilikamilishwa katika kikao maalumu cha mwezi Juni, wiki tatu tu kabla ya mwaka wa fedha kuanza.

Mimi si raia wa Marekani. Naruhusiwa kununua ardhi ya kilimo Minnesota?

Swali hili ndilo lingefaa kuulizwa kabla ya mengine yote, na ndilo watu huliuliza wakiwa wameshatoa dipoziti.

Sheria ya jimbo inakataza wageni na kampuni za wageni kumiliki ardhi ya kilimo. Mwenye ukaaji wa kudumu, yaani mwenye kadi ya kijani, anaruhusiwa, kwa sharti kwamba makazi yake halisi yawe ndani ya Marekani kwa angalau miezi sita katika kila miezi kumi na miwili. Sharti hilo lisomeni mara mbili, ninyi mnaopenda kukaa Dar es Salaam kuanzia Novemba hadi Juni kwa kukimbia theluji. Mwenye viza ya masomo au ya kazi ya muda hayumo. Na msidhani kufungua kampuni ni njia ya kupenya: jimbo lina sheria nyingine kali inayobana kampuni kumiliki mashamba, na kampuni za kilimo za kifamilia hutakiwa kujisajili kwa Idara ya Kilimo.

Wengi wanaoanza huanzia kwa kukodi shamba dogo la mboga kwa msimu, lakini sheria hiyo inagusa hata kukodi, kwa hiyo uliza kabla hujasaini.

"Mkulima anayechipukia" ni nani?

Ni jina la kisheria. Minnesota iliunda kikundi kazi cha wakulima wa namna hiyo mwaka 2020, na baadaye ikafungua ofisi ndani ya Idara ya Kilimo, ya kwanza ya aina yake nchini. Sheria inawataja wanawake, maveterani, watu wenye ulemavu, Wenyeji wa Marekani, watu wa jamii zisizo za wazungu, vijana, wakulima wa mijini na makundi mengine yaliyokuwa nje ya mlango. Angalia tena orodha hiyo: mkulima, mkongwe wa jeshi na mwenyeji wa Marekani wamo katika kifungu kimoja. Mjane wa Kikongo anayelima sukuma na mchicha nje kidogo ya mji yumo pia.

Nasikia jimbo linatoa pesa za dipoziti ya shamba. Ni kweli?

Ni kweli, lakini si kama ujumbe wa WhatsApp unavyosema. Mpango ulianzishwa 2022 kwa ruzuku ya hadi dola 15,000 kwa mtu anayenunua shamba lake la kwanza. Masharti yake ya msingi: usiwe umewahi kumiliki ardhi ya kilimo, mauzo ya shamba lako kwa mwaka yawe chini ya dola 250,000, uahidi kulilima mwenyewe kwa miaka isiyopungua mitano. Waombaji walikuwa wengi kuliko pesa, kwa hiyo majina yalipigiwa kura ya bahati.

Mwanzoni wakulima wanaochipukia walitangulizwa kwenye foleni. Januari 2024 mkulima mmoja mzungu, ambaye jina lake lilikuwa limetoka mapema kwenye kura kisha likarudishwa nyuma, alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho akidai kubaguliwa kwa rangi na jinsia. Bunge halikungoja hukumu. Mwaka huo huo lilifuta upendeleo huo kwenye ruzuku hii. Kwa hiyo anayekuambia leo kwamba "wewe mweusi utapita tu" anakupotosha. Ofisi ya wakulima wanaochipukia ipo na inasaidia kujaza fomu, lakini foleni ni moja.

Sasa bei. Dola 15,000 katika kaunti za kusini, ambako ekari moja ya udongo mzuri inauzwa maelfu ya dola, ni kianzio cha kianzio. Kwa shamba la ekari tano la mboga na mbuzi kaskazini ni msaada wa maana. Piga hesabu yako kabla hujashangilia.

Kuna njia nyingine ya kupata ardhi bila ruzuku?

Ipo, na naiona bora. Tangu 2018 jimbo linampunguzia kodi ya mapato mwenye shamba anayeliuza au kulikodisha kwa mkulima anayeanza. Anayekodisha kwa fedha taslimu anarudishiwa asilimia 10 ya pesa za pango alizopokea, na anayekodisha kwa mgawo wa mavuno asilimia 15, kwa miaka mitatu. Anayefaidi karatasini ni mwenye ardhi, lakini hiyo ndiyo silaha yako mezani: mzee wa Kinorwe asiyekufahamu, anayefikiria kumpa jirani yake wa miaka yote, sasa ana sababu ya kukusikiliza. Sharti mojawapo kwako ni kumaliza mafunzo ya usimamizi wa fedha za shamba. Fungu la kila mwaka lina kikomo, na wanaowahi ndio wanaopata.

Kuna pia mamlaka ya mikopo ya vijijini ya jimbo, iliyoanza 1986. Yenyewe haikukopeshi moja kwa moja. Unakwenda benki ya kawaida, nayo mamlaka inabeba hadi asilimia 45 ya mkopo kwa riba nafuu. Mtaji wake hutokana na hati fungani, kwa hiyo Bunge likigombana juu ya hati fungani, mikopo nayo husubiri.

Ruzuku zinalipwaje?

Nyingi hulipwa baada ya wewe kutumia pesa zako. Unaidhinishiwa, unanunua jokofu la nyama au banda la plastiki la kuoteshea mboga, unaleta risiti, ndipo unarudishiwa sehemu. Asiye na akiba hukwama hapo, na kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa la mfumo mzima: unamsaidia zaidi aliyekuwa karibu kujiweza. Kabla ya kuomba, panga utakopa wapi pesa za kati. Na usinunue kitu kabla mkataba haujasainiwa. Risiti ya tarehe ya nyuma haihesabiwi.

Nikishindwa kulipa benki?

Usihame usiku. Miaka ya 1980 riba ilipanda, bei ya ardhi ikaporomoka, na familia nyingi za Minnesota zilinadiwa mashamba. Wakulima waliandamana hadi Bungeni St. Paul. Jimbo likajibu kwa mambo mawili ambayo yapo hadi leo. Mwaka 1984 lilianza kuwalipa watetezi wa wakulima, watu waliowahi kulima wenyewe, wanaokaa nawe jikoni kwako kuchambua madeni bila malipo. Na mwaka 1986 likapitisha sheria ya usuluhishi: mwenye kukudai lazima akupe nafasi ya kusuluhishwa kabla hajachukua shamba, trekta au mifugo, ilimradi deni limefika kiwango cha sheria. Barua ya usuluhishi ina siku chache za kujibu. Wengi wetu tumezoea kuweka bahasha za serikali juu ya friji bila kufunguliwa. Hii ifungue.

Maonyesho makubwa ya jimbo yanalipiwa na kodi zetu?

La. Hili huwashangaza hata waliozaliwa hapa. Maonyesho ya Minnesota pale Falcon Heights, siku 12 zinazomalizika Sikukuu ya Wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, hayajapokea fungu lolote la serikali tangu 1949. Yanasimamiwa na chama cha kilimo cha jimbo ambacho ni taasisi ya umma, lakini kinaishi kwa viingilio, pango la vibanda na soseji za mahindi kwenye kijiti. Mwaka 2019 waliingia watu zaidi ya milioni 2.1. Mwaka 2020 yalifutwa kwa sababu ya korona, na taasisi isiyo na fungu la serikali ikaonja ladha ya uhuru wake.

Aliyezoea Nane Nane atajiona nyumbani kwenye mabanda ya mifugo. Kitakachomshangaza ni yale mabonge ya siagi yanayochongwa sura za wasichana wanaowania taji la maziwa, ndani ya chumba cha baridi chenye vioo. Hilo nalo halilipiwi na jimbo.

Na maonyesho ya kaunti?

Hayo ndiyo yanayopata. Minnesota ina kaunti 87, na zipo zenye maonyesho mawili. Kuna njia mbili za fedha. Ya kwanza ni ya zamani: Idara ya Kilimo hugawia vyama vya kilimo vya kaunti kiasi kulingana na zawadi walizowalipa washindani. Nazo ni zawadi ndogo ndogo, dola kadhaa kwa ndama bora, kwa nyanya, kwa mtandio wa kushonwa. Mtoto wa 4-H, klabu ya vijana wanaojifunza kilimo na ufugaji, anayelea kondoo tangu majira ya baridi, anayemwosha na kumtembeza mbele ya mwamuzi wa mashindano mwezi Julai, analipwa kwa sehemu na jimbo.

Njia ya pili ni ile kodi ya mauzo ya 2008. Kutoka fungu la sanaa na utamaduni, vyama vya maonyesho hupata pesa za wanamuziki, mafundi wa kazi za mikono na historia ya eneo. Hapa kuna nafasi iliyolala. Kikundi cha ngoma au taarabu cha Waafrika Mashariki kinaweza kualikwa kutumbuiza kwenye maonyesho ya kaunti na kulipwa kutoka fungu hili, kwa kuwa lengo lake hasa ni kuwaletea watu sanaa wasizozijua. Mlango wa kugonga ni bodi ya maonyesho ya kaunti yako, wakati wa baridi, sio mwezi mmoja kabla. Bodi nyingi ni wakulima wa kujitolea wanaokutana mara moja kwa mwezi, na hupanga ratiba mapema.

Mataifa ya wenyeji ni mangapi?

Kumi na moja. Saba ni ya Waanishinaabe, ambao pia huitwa Waojibwe: Bois Forte, Fond du Lac, Grand Portage, Leech Lake, Mille Lacs, Red Lake na White Earth. Manne ni ya Wadakota: Lower Sioux, Upper Sioux, Prairie Island na Shakopee Mdewakanton.

Haya ni mataifa yenye mikataba na Washington. Kwa nini jimbo liyape pesa?

Mikataba ilisainiwa na serikali kuu, na wajibu mkubwa wa afya na elimu uko Washington. Lakini raia wa White Earth ni raia wa Minnesota pia: anapiga kura, watoto wake wengi wako shule za umma, analipa kodi ya mauzo dukani Detroit Lakes. Isitoshe, sheria ya shirikisho ya 1953 iliyojulikana kwa namba 280 iliipa Minnesota mamlaka ya jinai juu ya ardhi za wenyeji, isipokuwa Red Lake, ambayo ilisimama kidete na hadi leo ina polisi na mahakama zake. Jimbo lililopewa mamlaka haliwezi kukwepa gharama.

Minnesota ilianzisha baraza la masuala ya wenyeji mwaka 1963, la kwanza katika majimbo yote. Tangu 2021 sheria inazitaka idara za jimbo zishauriane na mataifa haya, serikali kwa serikali, kabla ya kuamua mambo yanayoyagusa. Peggy Flanagan, aliyeingia umakamu wa gavana mwaka 2019 chini ya Gavana Tim Walz, ni raia wa White Earth, na sidhani kama hilo halikuchangia.

Pesa zenyewe huenda kwenye misaada ya elimu, maji, nyumba, na lugha. Fungu la lugha ndilo linaloniingia moyoni. Kutoka kodi ile ya 2008, baraza hilo hugawa ruzuku za kufundisha Kidakota na Kiojibwe, lugha ambazo wazungumzaji wake wa kuzaliwa ni wazee wachache. Mababu zao walipelekwa shule za bweni wakachapwa kwa kuzungumza lugha hizo, na sasa jimbo linalipa walimu wazirudishe. Ruzuku hizo ni kidogo kulinganisha na kilichoharibiwa.

Wakati mwingine jimbo linatoa ardhi badala ya fedha. Mwaka 2023 Bunge liliamua kuirudisha hifadhi ya Upper Sioux Agency kwa jamii ya Upper Sioux, na makabidhiano yalifanyika Machi 2024. Ni mahali ambapo mwaka 1862 Wadakota walikufa njaa huku maghala ya serikali yakiwa na chakula, na vita vikaanza mwaka huo huo. Wenyeji walikuwa wakilipa kiingilio kuingia kwenye makaburi ya babu zao.

Si wana kasino?

Wanazo, na jimbo halichukui mgawo wa mapato yake. Mikataba ya kasino iliyoanza kusainiwa 1989 haikuweka kipengele hicho. Lakini Shakopee, iliyo karibu na Minneapolis na yenye raia wachache, ni tajiri kiasi cha kuwakopesha na kuwasaidia wengine. Red Lake iko mbali kaskazini, watu maelfu, wateja wachache. Kusema "wana kasino" ni kuyaweka mataifa 11 katika mfuko mmoja wa mtu mmoja.

Nani anaweza kuingia nyumba ya maveterani?

Jimbo lina nyumba nane. Tano za awali ni Minneapolis, Hastings, Silver Bay, Luverne na Fergus Falls. Ile ya Minneapolis ilifunguliwa 1887 kwa ajili ya wazee wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tatu mpya ni Bemidji na Montevideo, zenye vitanda 72 kila moja, na Preston yenye 54.

Aliyetumikia jeshi la Marekani na kuachishwa kwa heshima, akiwa mkazi wa Minnesota au aliingia jeshini akitokea Minnesota, na anayehitaji uangalizi wa kiafya, anaweza kuomba. Mke au mume wake mwenye umri wa miaka 55 au zaidi pia anaweza. Gharama hutegemea uwezo wa mtu. Kuna foleni, kwa hiyo msingoje baba aanguke ngazi ndipo mjaze fomu.

Niliingia jeshini nikiwa na kadi ya kijani tu. Nahesabiwa?

Ndiyo. Kinachoangaliwa ni utumishi wako na namna ulivyoondoka, si pasipoti uliyokuwa nayo siku ya kuapa. Wakenya wengi wa huku walipitia njia hiyo, na wengi wao hawajawahi kukanyaga ofisi ya maveterani ya kaunti. Kila kaunti ina ofisa wake, huduma ni bure, na mataifa ya wenyeji nayo yana maofisa wao. Ukiwa na ulemavu uliotokana na utumishi, muulize kuhusu punguzo la thamani ya nyumba kwenye kodi ya majengo. Sheria ya 2008 iliyolianzisha ilisamehe dola 150,000 za thamani kwa mwenye ulemavu wa asilimia 70 na kuendelea, na 300,000 kwa aliye na ulemavu kamili wa kudumu.

Utumishi wa JWTZ au KDF je?

Hapana.

Nyumba hizo tatu mpya zililipiwa vipi?

Huu ndio mfano mzuri wa mifuko inavyoshikana. Mwaka 2018 Bunge lilitenga dola milioni 32 za hati fungani. Miji husika ikachangia. Kisha Washington, ambayo hulipa hadi asilimia 65 ya ujenzi wa nyumba za maveterani za majimbo, ikaleta iliyobaki. Majengo yakakamilika na kuanza kupokea watu kati ya 2023 na 2024. Tangu hapo kila siku ya mkazi inalipiwa na mikono mitatu: posho ya shirikisho kwa siku, mchango wa mkazi mwenyewe, na hazina kuu ya jimbo. Miaka sita kutoka kura hadi kitanda. Wanasiasa waliokata utepe si wote waliopiga kura.

Kuna kazi huko?

Zipo, na zinatuhusu, maana kazi ya uangalizi wa wazee ndiyo iliyowapokea wengi wetu tulipofika. Wafanyakazi wa nyumba hizi ni waajiriwa wa jimbo: wana chama cha wafanyakazi, bima na pensheni, tofauti na vituo vingi vya binafsi ambako zamu za ziada ndizo zinazokujengea mshahara. Tatizo ni mahali. Preston na Montevideo ni miji midogo, huenda usipate msikiti wala kanisa la Waswahili, na Januari barabara ni barafu. Ila nyumba ya kununua huko ni nafuu mno kuliko Brooklyn Park.

Siwezi kupiga kura. Nina njia ya kusikika?

Unayo. Kutoa ushahidi mbele ya kamati hakuhitaji uraia. Vikao viko wazi kwa umma na hurushwa moja kwa moja, na mtu anajiandikisha kwa kumwandikia msimamizi wa kamati, kwa kawaida siku moja kabla. Utapewa dakika mbili au tatu. Wabunge wa kilimo hasa hupenda kusikia mtu aliyelima kuliko mtaalamu, kwa hiyo taja ekari zako, taja ulichovuna, taja fomu iliyokushinda. Kamati kwa kawaida husikiliza miswada kuanzia Januari, au Februari katika miaka inayogawanyika kwa mbili, hadi Aprili. Baada ya hapo milango inahamia kwa wajumbe wachache wanaosawazisha matoleo ya Seneti na Baraza, na hapo hata wabunge wenzao husimama koridoni wakingoja kuambiwa.